Kaa la Moto Midomoni: Mji wa Salvador na Utunzaji wa Urithi Wake

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuipima kazi ya chombo kimoja cha mji wa Salvador, ulio katika jimbo la Bahia nchini Brazili. Chombo hicho huitwa Wakfu wa Gregório de Mattos. Kiliundwa mwaka 1986 chini ya serikali ya mji, ili kuwasaidia wasanii na kuutunza urithi wa utamaduni wa wenyeji. Katika miaka yake ya mwanzo kiliongozwa na mwanamuziki Gilberto Gil, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Utamaduni wa Brazili kuanzia 2003 hadi 2008.

Msomaji aweza kuuliza: Mchungaji ana nini na wakfu wa mji ulio ng'ambo ya bahari ya Atlantiki? Jibu letu ni kwamba miongoni mwa vitu vinavyolindwa na wakfu huo limo kanisa lililokoma kuwa kanisa, na limo jiwe la ibada ya dini nyingine. Mambo hayo mawili yanatudai sisi tuliokabidhiwa Neno tuseme kutunza urithi maana yake ni nini, na wajibu huo ni wa nani.

Jina na deni lake

Gregório de Matos alizaliwa Salvador mwaka 1636. Alisoma sheria huko Coimbra, Ureno, akarudi nyumbani na kushika kazi katika kanisa kuu, lakini hakudumu humo. Mashairi yake yaliwachoma watawala, wafanyabiashara na makasisi, hata watu wakamwita Kinywa cha Jehanamu. Mwaka 1694 alipelekwa uhamishoni Angola, na mwaka 1696 alifariki Recife, akiwa amekatazwa kurudi Bahia. Hatupendi kumfanya mtakatifu, kwa maana kalamu hiyo hiyo iliwadharau pia watu weusi na machotara wa mji wake. Hata hivyo, mji unaokiita chombo chake kwa jina la mtu aliyewakemea wakubwa wa mji umejitwika deni la kusema kweli.

Wakfu umejitahidi kulilipa deni hilo. Mpango wake uitwao Boca de Brasa, yaani Kinywa cha Kaa la Moto, huwapelekea msaada wa sanaa watu wa vitongoji vya pembezoni, mbali na mitaa ya watalii. Msomaji wa Biblia hawezi kulisikia jina hilo asimkumbuke nabii Isaya katika sura ya 6. Kaa lililomgusa Isaya midomo lilitoka madhabahuni, nalo lilimwondolea uovu kabla hajatumwa kusema. Hapo ndipo tunapopata kipimo chetu. Urithi unaotunzwa, je, unaruhusiwa kuisema kweli yote, pamoja na kweli kuhusu dhambi?

Kanisa la Barroquinha

Katikati ya mji lipo jengo la Barroquinha, lililojengwa katika karne ya 18 kuwa kanisa la Bikira Maria. Humo walikutana watu weusi, watumwa na walioachwa huru, katika chama chao cha udugu. Vyama vya namna hiyo viliwawezesha kusaidiana katika ugonjwa na kuzikana kwa heshima, mambo ambayo mabwana zao hawakuwajali nayo. Eneo hilo hilo huhesabiwa kuwa chimbuko la Casa Branca, nyumba ya ibada ya Candomblé, dini yenye asili ya Afrika, ambayo mwaka 1984 ilikubaliwa kuwa urithi wa taifa. Mwaka huo huo wa 1984 kanisa la Barroquinha liliteketea kwa moto. Miaka 25 ilipita ndipo lilipofunguliwa tena, mwaka 2009, likiwa ukumbi wa sanaa chini ya Wakfu.

Wako watakaosikitika kwamba mahali palipokuwa na madhabahu sasa panachezwa michezo ya kuigiza. Sisi hatuoni sababu ya kumlaumu aliyeokota kilichoachwa. Nyumba ile ilikaa magofu robo ya karne, na mkono ulioinyanyua ukawa mkono wa mji. Tunaushukuru mkono huo, kwa kuwa Mungu hutenda mema kupitia utawala wa dunia pia.

Lakini iko kazi ambayo ukumbi hauwezi kuifanya. Huko Brazili kanisa liliwabatiza Waafrika na kuwaacha katika minyororo, na mashirika ya watawa yenyewe yalimiliki watumwa. Utumwa haukukomeshwa hadi mwaka 1888. Ukumbi waweza kuyaonyesha mambo hayo jukwaani. Kuyaungama ni kazi ya kanisa, na kanisa likiyakabidhi magofu yake kwa mji halijakabidhi toba yake pamoja nayo.

Kuta na watu

Hapa hatuna budi kutaja kasoro. Kwa miaka mingi Wakfu umewekwa chini ya idara ya mji inayounganisha utamaduni na utalii. Hatusemi kwamba mgeni ni adui. Tunasema kwamba mgeni hulipia kinachopendeza, na historia ya Salvador si ya kupendeza tu. Mtaa wake mashuhuri, Pelourinho, umepata jina kwa nguzo ya kuchapia watu. Eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 serikali ya jimbo, wala si Wakfu, ilizikarabati nyumba zake na kuziondoa familia nyingi maskini zilizokaa humo. Kuta zikapakwa rangi nzuri, na watu waliozipa uhai wakaenda zao. Wakfu wowote unaopimwa kwa hesabu ya wageni unaweza kuanguka katika shimo hilo hilo. Kwa sababu hiyo tunauona mpango wa vitongojini kuwa na thamani kuliko kazi zake zinazopigwa picha zaidi.

Jiwe la Xangô

Mwaka 2017 mji uliliweka chini ya ulinzi wa sheria Jiwe la Xangô, mwamba mkubwa ulioko Cajazeiras. Masimulizi husema kwamba watumwa waliotoroka walipata maficho hapo. Wafuasi wa Candomblé huliheshimu katika ibada zao, na wapo watu walioliharibu kwa kuichukia ibada hiyo.

Mchungaji aseme nini? Sisi twahubiri kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu, wala hatulipunguzi neno hilo. Lakini sheria inayozuia jiwe lisiharibiwe haimlazimishi mtu yeyote kuliabudu. Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg akahubiri dhidi ya wale waliozivunja sanamu kwa fujo, akifundisha kwamba mioyo hubadilishwa na Neno, si na nguvu. Anayelichafua jiwe la jirani yake usiku hajahubiri Injili. Amemtendea jirani ubaya, na kesho yake jirani huyo hatamsikiliza. Katika jambo hili tunaona kwamba mji umeitenda haki ambayo baadhi ya Wakristo waliisahau.

Hitimisho

Hukumu yetu basi ni hii: Wakfu wa Salvador umefanya kazi njema, na hatari yake ni kuyatunza mapambo ya historia na kuyaacha majeraha yake. Kwetu pia liko onyo. Katika sharika zetu nyingi ngoma zilizuiwa mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kukaribishwa ndani. Wazee wanaozijua nyimbo za waumini wa kwanza wanatutoka mmoja mmoja, na vitabu vya kale vya ubatizo vinaliwa na mchwa katika makabati ya ofisi. Tukingoja serikali au makumbusho waje kuviokota, wataviokota, nasi hatutakuwa na haki ya kunung'unika. Mwanafunzi anayejiandaa kwa uchungaji na aanze sasa: akae na wazee, aandike wanayoyakumbuka, na asiyafute yale yanayotuaibisha. Kaa la moto liliigusa kwanza midomo ya nabii mwenyewe, ndipo akatumwa kwa watu.