Uchafu nao una anwani

Bandugu na badada, leo tuache kidogo siasa na kutafuta kazi, tuongee juu ya uchafu. Nasema ule uchafu wa makusudi: vumbi, kutu, masizi na poto-poto ambayo mutu anapaka kwa mkono wake mwenyewe juu ya maketi ya kifaru, ya treni ao ya nyumba, nyuma ya kumaliza kuipaka rangi vizuri.

Huko Ulaya na Marekani hii ni sanaa kamili, iko na vitabu, mashindano na mabingwa wake. Silaha yake kubwa ni maji ya rangi. Unachukua rangi kidogo, mara nyingi kahawia ao nyeusi, unaizimua sana kwa maji ao kwa dawa ya kuyeyusha rangi, mpaka inakuwa nyepesi kama chai bila maziwa. Unagusisha pinso. Maji yanakimbia yenyewe ndani ya mifereji, kuzunguka vichwa vya misumari, chini ya milango. Fasi zilizoinuka zinabaki safi, zilizobonyea zinaingia giza. Kwa dakika chache tu, kipande cha plastiki kinapata uzito wa chuma.

Sababu iko wazi. Gari ya kweli inajitengenezea kivuli chake. Ukiipunguza mara 35, mifereji inakuwa midogo hivi kwamba mwanga wa chumba hauwezi tena kuonyesha vizuri kilicho juu na kilicho ndani. Maji ya rangi njo yanarudisha kile kivuli kilichopotea. Wenye kazi wanatanguliza vernisi yenye kung'aa, ili maji yateleze mpaka ndani bila kunywewa na uso wote. Kwa hayo yote sina ugomvi. Ni kusahihisha uongo wa kipimo.

Ugomvi wangu unaanza wakati kivuli kinageuka uchafu, na uchafu unageuka desturi.

Miaka ya 1970 na 1980, Mubelgiji François Verlinden alisaidia sana kusambaza namna hii: maji ya giza kwanza, kisha pinso kavu yenye rangi ya mwanga juu ya pembe. Sinema nayo ilipita njia hiyo. Katika Star Wars ya 1977, George Lucas alitaka vyombo vya anga vionekane vimetumika. Mafundi walibandika vipande vya maketi za vifaru na magari, kisha wakavichafua. Wakati ule lilikuwa wazo kali. Uchafu ulisema: hii chombo iko na historia, kuna mutu aliiendesha vibaya, hakupata pesa ya kuitengeneza. Uchafu ulikuwa habari.

Leo mara nyingi hausemi kitu. Kampuni ya Uingereza Games Workshop inauza maji ya rangi tayari ndani ya chupa. Mawili kati yake, Nuln Oil nyeusi na Agrax Earthshade ya kahawia, yanajulikana kila fasi ambapo batu wanapaka rangi wanajeshi wadogo. Wapenzi wa mchezo waliyapa maji ya namna hii jina la utani: kipaji ndani ya chupa. Ni mzaha, lakini mzaha unasema kweli. Ukimwaga kahawia ile ile juu ya askari, juu ya ukuta, juu ya farasi na juu ya gari, vyote vinapendeza haraka, na vyote vinafanana. Ni kama yule mwanafunzi anayeanza kila kazi kwa sentensi moja aliyonakili: mwalimu anaona weupe wa karatasi umejaa, lakini hajasoma kitu bado.

Sisi tuko na haki ya kuongea hapa, juu vumbi tunalijua. Vumbi la Lubumbashi wakati wa kiangazi ni jekundu. Linaingia mpaka kwenye kola ya shati. Vumbi la Goma ni jeusi-kijivu, juu ni jiwe la volkano lililosagwa na matairi. Mutu akikuletea maketi ya lori ya Goma yenye miguu myekundu, utacheka, sivyo? Uchafu nao una anwani. Chupa moja ya kahawia haijui anwani hiyo.

Tena uchafu una saa na mikono yake. Angalia lori ya Fuso inayotoka na mizigo kijijini. Rangi haikuisha kila fasi sawasawa. Imeisha pale wapakiaji wanapokanyaga kupanda, pale kamba inasugua mbao, pembeni ya mlango ambapo shofa anaweka kiwiko. Kutu inaanza fasi ambapo maji ya mvua yanasimama, kisha inashuka chini kama machozi, haipandi juu. Fundi anayejua haya anaweka matone matano tu ya maji ya rangi, na ndani ya matone matano unaona kazi ya batu kumi. Asiyejua anamwaga chupa mzima, na huoni mutu hata mmoja.

Sasa kuna wetu mmoja aliyekataa mchezo huu kabisa: Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa Kimbembele Ihunga mwaka 1948, akafariki Kinshasa mwaka 2015. Miji yake ya karatasi, katoni na vipande vya plastiki inawaka rangi: pinki, kijani, buluu, nyota, vioo. Hakuna tone la uchafu. Na hakuwa mutu asiyejua uzee wa vitu. Kabla ya dunia kumujua, alifanya kazi ya kukarabati vitu vya kale katika makumbusho ya taifa Kinshasa. Alijua vizuri vile wakati unakula mbao na rangi. Usafi wake ulikuwa uamuzi. Kwa mutu anayeishi mbali na vumbi, uchafu ni pambo. Kwa mutu anayelifagia kila asubuhi, ukuta usio na doa ni madai.

Lakini tusimsifu bila kumsoma. Moja ya kazi zake kubwa, ya mwaka 1996, inaitwa Ville Fantôme. Kingelez aliueleza kama mji wa amani, usiohitaji polisi. Ni kweli, unapendeza. Ila tembea ndani yake kwa macho: hakuna alama ya kiatu, hakuna ukuta uliosuguliwa na mabega ya watoto. Mji usio na uchafu wowote ni mji ambao hakuna aliyeishi ndani yake bado. Yeye aliahidi kesho. Hakutuambia nani atafagia.

Basi mimi nasimama hivi. Uchafu wa chupa unadanganya juu hauna mwenyewe. Usafi wa Kingelez ni wa kweli kama ndoto, na unakosa batu. Kazi nzuri iko kati yao: maketi ambayo kila doa lake linajibu swali moja rahisi, nani alipita hapa?

Wenzetu wanaosoma usanifu wa nyumba, nawaambia nyinyi hasa. Siku moja mutaweka mezani maketi ya mtaa wetu mbele ya wale wenye pesa. Mukiuchafua wote kahawia, watasema: vunjeni. Mukiuacha mweupe kama karatasi, watasema: hakuna mutu pale. Wekeni giza fasi tu ambapo mikono ya mama anayeuza fufu imegusa mlango kwa miaka ishirini. Hapo watalazimika kuuliza jina lake.

Munaonaje, bandugu?