Mwana Naye Amekua

Mwanafunzi hodari wa hesabu huchelewa kuanza. Akipewa fumbo, hulisoma hadi nukta ya mwisho, akalirudia tena, kalamu ikiwa bado mezani.

Chukua fumbo hili linalofahamika: umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mwanawe, baada ya miaka 12 utakuwa mara mbili. Kila mmoja ana miaka mingapi sasa? Hodari huanza na mstari ambao wenzake huuruka: umri wa mwana uwe x. Kwa hiyo baba ana 3x. Kisha hufika pale ninapopapenda kuliko pote. Miaka 12 ikipita baba atakuwa na 3x + 12, na mwana naye atakuwa amekua, ana x + 12. Ndipo anaandika:

3x + 12 = 2(x + 12)

Fumbo zima limo ndani ya mabano hayo. Anayeandika 2x + 12 upande wa kulia atapata sifuri, baba na mwana wote hawana hata mwaka mmoja. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kanuni nzuri, lakini inakufaa mabano yakishakuwapo. Kuyaweka ni kazi ya anayesoma sentensi kwa makini, na kwangu mimi hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Kilichobaki ni kufungua mabano na kutoa kilekile pande zote mbili hadi x ibaki peke yake: 12. Baba ana 36. Hodari hasimami hapo. Huwarudisha kwenye fumbo, 24 na 48, akaona kweli ni mara mbili.

Kwenye uwezekano subira hiyo huonekana zaidi, maana huko hisia hudanganya haraka. Mfuko una mipira myekundu 5 na myeupe 3. Unatoa miwili, mmoja baada ya mwingine, bila kurudisha. Kuna uwezekano gani kwamba angalau mmoja utakuwa mweupe? Neno “angalau” linafungua njia tatu: mweupe kisha mwekundu, mwekundu kisha mweupe, au yote miwili myeupe. Aliyezoea huuliza kwanza kinyume chake: isipopatikana hata mmoja mweupe? Njia ni moja tu, 5/8 × 4/7. Kiasi kimeshuka hadi 4 na asili hadi 7, kwa sababu mfuko umepungukiwa mpira, tena mwekundu. Jibu ni 5/14, na ukilitoa kwenye 1 unapata 9/14. Halafu, bila kuambiwa na mtu, anapita ile njia ndefu: 15/56 na 15/56 na 6/56. Jumla 36/56, ambayo ni 9/14 ileile.

Tabia hiyo ya kupita njia mbili na kulinganisha majibu ni ya zamani. Mwaka 1654 wanahisabati Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu mchezo uliokatizwa. Wachezaji wawili wameweka dau la sarafu 32 kila mmoja, na mshindi ni wa kwanza kufikisha raundi tatu. Mmoja ana mbili, mwingine moja. Dau ligawanywe vipi? Pascal alitazama raundi moja mbele. Anayeongoza akishinda anachukua zote 64, akishindwa wanalingana na kila mmoja anapata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na 32 zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu: 48 kwa 16. Kwa njia ya Fermat unaorodhesha matokeo yote ya raundi mbili zinazoweza kubaki. Yako manne, matatu ni ya anayeongoza, na robo tatu ya 64 ni 48. Kila mmoja alimwandikia mwenzake hatua zake, na katika barua zilizobaki mwanafunzi wa leo anaweza kuzifuata moja moja, kalamu mkononi, akazikagua mwenyewe.