Ampea kabla ya volti: chanzo cha umeme cha fundi simu wa Kazimia

Simu iliyoanguka ziwani hufika kwa fundi ikiwa kavu kwa nje, huku kutu ya kijani imeshaunganisha chanya na hasi ndani ya bodi. Fundi wa Kazimia, kando ya ziwa, anayetegemea betri ya volti 12 iliyochajiwa na jua ana hatari mezani: betri hiyo ikikutana na shoti humwaga makumi ya ampea, na njia nyembamba za shaba huungua. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika chanzo cha umeme cha kujitengenezea, kizuizi cha ampea kitangulie kirekebishi cha volti.

LM317 mbili zinatosha. Kifaa hiki cha miguu mitatu, alichobuni Robert Dobkin mwaka 1976 katika kampuni ya National Semiconductor ya Marekani, hushikilia volti 1.25 kati ya mguu wa kutolea na wa kurekebishia. Katika LM317 ya kwanza, rezista ya omu 12 huruhusu takriban miliampea 100. Ya omu 1.2, ampea 1. Swichi ndiyo huchagua. Fyuzi ikae jirani na nguzo chanya ya betri.

Ya pili hupanga volti. Rezista ya omu 120 hukaa kati ya mguu wake wa kutolea na wa kurekebishia. Kutoka wa kurekebishia hadi hasi, rezista ya kuzungusha ya omu 1,000, sambamba na ya kudumu ya omu 560. Pamoja hazipiti omu 359, kwa hiyo kilele ni volti 5. Napenda sana hesabu hii: mguso wa kati wa rezista ya kuzungusha ukiungwa na ncha yake moja, hata siku ukichakaa na kuachia, volti haziruki hadi karibu na za betri.

Je, LM317 ya ziada hula betri zaidi? Hapana. Simu ikivuta ampea 1 kwa volti 4 kutoka betri yenye volti 12.5, wati 8.5 zingepotea kama joto hata kwa kifaa kimoja. Viwili hugawana tu. Kila kimoja kipate bati lake la alumini, maana mgongo wake umeungwa na mguu wa kutolea. La kwanza liwe kubwa, kwa kuwa wakati wa shoti ya ampea 1 hubeba karibu wati 9.

Upimaji uanzie miliampea 100. Simu nzima iliyozimwa haivuti karibu chochote; sindano ya kipima ampea ikipanda kabla kitufe hakijabonyezwa, shoti iko kwenye njia ya betri. Hapo volti zishushwe hadi 1.25, swichi ipelekwe ampea 1, na spiriti ipakwe juu ya bodi. Mara nyingi itakauka kwanza juu ya kapasita iliyoharibika, kwa kuwa ndiyo hupata joto.