Kuelewana lugha si kupatana: Funzo la filamu ya Judy Kibinge

Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna kauli tunayoirudia kila tunapopewa kipaza sauti: kwamba lugha hii huunganisha makabila. Siipingi. Katika mashamba ya majani chai Kericho na Bomet, Mkipsigis, Mkisii, Mluo na Mluhya wamechuna majani pamoja miaka na mikaka, na Kiswahili ndicho huwawezesha kuulizana bei ya omena na hali ya mtoto mgonjwa. Hata hivyo, filamu ya ‘Something Necessary’ (2013), yake Judy Kibinge, inanilazimu kuitilia kauli hiyo swali.

Filamu yenyewe inasuka maisha mawili baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Anne amempoteza mumewe, mwanawe ameumizwa vibaya na boma lao limebaki magofu. Joseph ni kijana aliyeshiriki ghasia hizo. Sasa anavutwa na shamba la Anne, mithili ya mtu anayetafuta njia ya kutubu.

Usukaji wa aina hii tumeuona kwingineko. ‘Babel’ (2006) ya Alejandro González Iñárritu inaziunganisha familia za Morocco, Marekani, Mexico na Japani kupitia bunduki moja. Humo, kama jina linavyodokeza, watu huumia aghalabu kwa kukosa kusikizana: lugha ni tofauti, mipaka ni mingi, na msichana kiziwi jijini Tokyo hapati wa kumwelewa.

Kibinge hajipi kisingizio hicho. Wahusika wake ni watu wa nchi moja, na hapo ndipo uzito wa kazi yake ulipo. Ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini na zikafika hadi kwenye makao ya wafanyakazi wa majani chai hapa Kericho. Hazikuzuka eti kwa sababu watu hawakuelewana. Zilichochewa kwa maneno yaliyoeleweka vizuri mno.

Chukua ‘kwekwe’. Kwa mkulima, kung’oa kwekwe ni kazi ya kawaida. ‘Madoadoa’ nayo ni sifa ya ng’ombe au kitambaa. Wanasiasa wakayatwaa maneno hayo, wakawabandika majirani. Mnamo 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) iliyaweka yote mawili kwenye orodha ya maneno ya chuki. Ni Kiswahili safi hicho, bana! Mwalimu wa sarufi hangepata pa kuweka alama nyekundu.

Wapo watakaosema kwamba kumpa Joseph nafasi karibu na Anne ni kumtetea mhalifu. Sikubaliani nao. Lau angeonyeshwa kama zimwi tu, mtazamaji angetoka akisema, “Huyo si mimi.” Kibinge anatunyima njia hiyo ya mkato, kwa maana kijana kama Joseph ni mtoto wa mtu, jirani ya mtu.

Swali basi ni, watu wawili kama hawa waambiane nini? ‘Pole’ haitoshi. Pole humwambia hata mpita njia aliyejikwaa, nawe hujakiri lolote. ‘Nisamehe’ ni neno zito, kwa kuwa anayelitamka amekiri kwamba kosa ni lake. Wakenya tumesemezana pole nyingi tangu 2008, kisha tukahimizana kusonga mbele. Nisamehe ngapi tumezisikia?

Kwa hivyo, ningepewa kazi ya kutafsiri anwani ya filamu hii, nisingekimbilia ‘Jambo la Lazima’. Lazima huweza kutoka nje: askari, korti, serikali. Ningechagua ‘haja’, maana haja humchoma mtu kutoka ndani, na kinachomsukuma Joseph hakifanani na amri ya yeyote.

Kiswahili kimetupa neno la kumtusi jirani na neno la kumwomba msamaha. Tunapokisifu madarasani kwamba kinaunganisha, tuwaulize wanafunzi wetu pia ni lipi kati ya hayo mawili wanalolisikia zaidi nyumbani, hasa uchaguzi unapokaribia.