Gudi la Liverpool katika Kitabu cha Defoe

Daniel Defoe ajulikana sana kwa kitabu cha Robinson Crusoe, alichokitoa mwaka 1719. Wachache wamesoma kitabu chake kingine, cha safari zake katika kisiwa chote cha Britania, kilichoanza kutoka mwaka 1724 katika mafungu matatu. Katika fungu la mwisho mna habari za mji wa Liverpool, nazo ndizo tutakazozipima hapa.

Twaona kwanza uzuri wake. Mwandishi mwingine angalitaja urefu wa kuta na hesabu ya marikebu, akaenda zake. Defoe aanza na shida. Mto Mersey ni mpana, lakini maji ya huko hujaa na kupwa kwa nguvu, na wakati wa bamvua kubwa tofauti yake yakaribia mita 10. Marikebu iliyotaka kukaa pale majira yote ya baridi, ama ilitia nanga mahali palipo wazi kwa upepo, ama ilivutwa pwani. Tufani kuu ya mwaka 1703 iliwatia hasara nyingi kwa sababu hiyo. Akiisha kutuonyesha hatari, ndipo atuonyeshapo gudi: ziwa lililochimbwa na kuzungushiwa ukuta, lenye milango. Maji yakijaa, marikebu huingia. Kabla hayajapwa, milango hufungwa, nazo huelea ndani kwa utulivu kama katika bwawa, hata nje pakiwa matope matupu. Mtu wa pwani aliyeona jahazi limepwelewa, limelala ubavu, ataelewa mara moja. Gudi hilo, kazi ya fundi Thomas Steers, lilifunguliwa mwaka 1715, na Defoe alitambua mapema ya kuwa mji huo ungekuja kuushinda Bristol. Ikawa hivyo.

Mna na kichekesho. Asimulia ya kuwa mashua ya kuvukia haikuweza kufika nchi kavu. Basi abiria hupandishwa mabegani mwa mtu wa Lancashire, aliyesimama majini hata magotini, naye hukimbia naye hata pwani huku akimtikisa. Tulicheka, maana pwani yetu nayo ilikuwa na wabebaji wa namna hiyo. Lakini tuliposoma mara ya pili tulimtazama zaidi yule aliyebeba. Marikebu zimechimbiwa ziwa; abiria wateremka kwa mabega ya mtu, na mtu huyo hana jina, ni wa kuchekesha tu.

Hapo ndipo ulipo upungufu wa habari hizi. Defoe ana macho makali kwa maji na milango, ila macho hayo hufumba wanapokuja watu. Ataja biashara ya Virginia na ya visiwa vya Amerika, wala hatuelezi ni mikono ya nani iliyolima tumbaku na miwa ya huko. Hatuwezi kusema hakujua. Robinson Crusoe wake mwenyewe alivunjikiwa na chombo akienda Guinea kuleta watumwa. Na mwaka 1699 marikebu iitwayo Liverpool Merchant ilikuwa imekwisha kutoka mto huo huo, na mwaka uliofuata ikashusha watumwa 220 katika kisiwa cha Barbados. Hata biashara hiyo ilipokatazwa na Bunge la Uingereza mwaka 1807, marikebu za Liverpool zilikuwa zimechukua Waafrika zaidi ya 1,000,000.

Mito nayo haikuwa mbali na jambo hili. Mwaka 1721 Bunge lilitoa ruhusa mto Weaver utengenezwe, upate kuteremsha chumvi ya Cheshire. Na mito ya Mersey na Irwell vilevile, ili mashua zipande hata Manchester. Kazi hiyo ilikuwa njema, tena ya akili. Lakini nguo za Manchester zilizoteremka kwa njia hiyo, nyingine zilipelekwa Afrika ya Magharibi zikabadilishwa kwa watu.

Gudi lilifukiwa mwaka 1826, na mwaka 2001 wachimbaji wa mambo ya kale wakaanza kuzifunua kuta zake za matofali chini ya mji. Mwalimu atakaye kueleza jinsi milango ya gudi ifanyavyo kazi atapata katika kitabu hiki maelezo mepesi na ya kweli, na twamshauri ayasome mbele ya wanafunzi wake. Habari za ile marikebu ya mwaka 1699 itambidi aziongeze yeye mwenyewe.