Taharuki ya Mwisho Unaojulikana: Kisa cha Askofu Hannington na Ufundi wa Riwaya ya Kikristo ya Uhalifu

Riwaya ya upelelezi ya kawaida husimama juu ya siri moja: nani aliyeua. Mwandishi huificha siri hiyo hadi kurasa za mwisho, na msomaji husoma kwa hamu ya kuifumbua. Muhammad Said Abdulla aliifuata njia hiyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960 kilichomleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji wa Kiswahili, na Faraji Katalambulla akaifuata katika Simu ya Kifo miaka mitano baadaye. Riwaya ya Kikristo ya taharuki, ikiwa imeandikwa vizuri, mara nyingi huitupa siri hiyo mapema. Humtaja atakayekufa, hata muuaji wake, kisha huihamishia taharuki moyoni mwa mtu anayekabili kifo au mwa mtenda dhambi ambaye bado hajatubu. Katika Brighton Rock ya Graham Greene, riwaya ya 1938, mhusika Hale anajua tangu mwanzo kwamba kuna watu waliokusudia kumuua. Msomaji naye anajua, na bado hawezi kukiweka kitabu chini.

Namna mwisho unaojulikana unavyoweza kuzaa taharuki huonekana vizuri zaidi katika kisa cha kweli, na kisa chenyewe kilipita katika ukanda wa Busia na Tororo, kabla haujakatwa na mpaka. James Hannington, askofu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika Afrika ya Ikweta ya Mashariki, aliondoka Rabai karibu na Mombasa mwezi Julai 1885 pamoja na wapagazi wapatao mia mbili, akielekea Buganda kwa njia ya Umasaini. Alifika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias. Hapo alimwacha Mchungaji William Jones na sehemu kubwa ya msafara, na tarehe 12 Oktoba akatangulia na watu 50. Njia yake ilikata nchi iliyo kaskazini ya Ziwa Viktoria, ukanda ambao leo una Busia mbili, ya Kenya na ya Uganda. Msafiri Joseph Thomson alikuwa amefika upande wa Samia mwishoni mwa 1883 akageuka nyuma, lakini Hannington hakugeuka. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika nchi ya Luba, mtawala wa Bunya huko Busoga, na tarehe 29 akauawa pamoja na wengi wa watu wake.

Habari zilifika Uingereza mwanzoni mwa 1886. Mwaka 1887 rafiki yake, kasisi E. C. Dawson, alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka uliofuata shajara za safari zikachapishwa. Hakuna aliyevifungua vitabu hivyo bila kujua kwamba askofu amekufa. Hata hivyo vilisomwa roho juu, na sababu iko katika ufundi ambao waandishi wa riwaya wanaweza kuuchambua hatua kwa hatua.

Kwanza ni mgawanyo wa ujuzi. Katika kisa hiki kuna makundi matatu ya watu, na kila kundi linajua kiasi tofauti. Wamisionari waliokuwa Mengo, mji mkuu wa Buganda, akiwemo Alexander Mackay, walijua kwamba njia ya mashariki ni ya hatari, kwa kuwa barazani kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kulikuwa na hofu ya muda mrefu kwamba watakaoiteka nchi watatoka upande huo. Onyo lao halikumfikia askofu kwa wakati. Hannington mwenyewe aliiona njia hiyo kuwa fupi na yenye afya. Safari yake ya kwanza, ya 1882 kupitia upande wa Tanzania ya leo, ilimwangusha kwa homa na kuhara hata akalazimika kurudi kwao. Uamuzi wake ulikuwa na akili nyuma yake. Kundi la tatu ni wasomaji, wanaojua yote. Kila mto anaovuka askofu kwa furaha, msomaji anauona kuwa hatua moja zaidi kuelekea Bunya. Hiki ndicho kinaya ambacho mwandishi wa taharuki hukitafuta, na hakipatikani kwa kuficha habari. Hupatikana kwa kumpa msomaji habari ambayo mhusika hana.

Pili ni saa. Luba hakumuua mateka wake siku ile ile. Alituma wajumbe kwa Mwanga kuuliza la kufanya, akangoja. Siku nane za kifungo ni muda wa wajumbe kwenda na kurudi. Hannington alijua kwamba ujumbe umekwenda, naye alitumaini kwamba jibu lingemfungulia njia au kwamba wenzake wa Mengo wangekuja kumchukua. Msomaji anajua kwamba jibu liko njiani, linatembea kwa miguu, na limebeba kifo. Riwaya nyingi za siku hizi hutumia bomu lenye saa au tarehe ya mwisho iliyotangazwa na mtekaji. Kisa cha Busoga kinafanya kazi ile ile kwa kitu rahisi zaidi, watu wanaotembea barabarani, na kina nguvu zaidi kwa sababu mateka na msomaji wanawangoja watu wale wale kwa matumaini yanayopingana.

Tatu ni shajara yenyewe, na hapa ndipo penye utajiri mkubwa kuliko pote. Hannington aliendelea kuandika akiwa kifungoni, katika kijitabu kidogo. Anaandika namna alivyovamiwa alipokwenda kutazama Nile kutoka mlimani, akaburutwa ardhini hata akadhani wanyang'anyi wamemshika. Anaandika juu ya kibanda kichafu, wadudu, homa, na wake za mtawala waliokuja kumtazama mzungu aliyefungwa. Anaandika Zaburi alizosoma na namna zilivyomshika. Katika maandishi yake ya mwisho kuna Zaburi ya 30, na kuna fisi aliyelia karibu usiku. Baada ya hapo hakuna neno.

Nguvu ya maandishi hayo inatokana na kwamba mwandishi wake hajui kesho. Mwandishi wa kumbukumbu anayeandika baada ya hatari kupita huzipanga siku zake zikaelekea mwisho mmoja. Mwandishi wa shajara hawezi. Leo ana tumaini, kesho amevunjika moyo, keshokutwa anacheka kidogo na walinzi wake. Kupanda na kushuka huko hakukupangwa na mtu, na msomaji anakuhisi kuwa kweli. Bram Stoker aliitumia mbinu hii kwa kubuni katika Dracula, miaka kumi baada ya kitabu cha Dawson, alipomfanya Jonathan Harker aandike shajara akiwa mateka ndani ya ngome. Waandishi wa taharuki wa Kikristo waliokuja baadaye waliirithi pia, na mara nyingi wanaiharibu kwa kosa moja: wanamfanya mhusika aandike kana kwamba ameshajua kuwa Mungu atamwokoa. Shajara ya Hannington haina uhakika huo. Imani yake ipo kila ukurasa, lakini haimpi habari za kesho. Imani isiyojua kesho ndiyo inayofaa kwa taharuki. Imani inayojua mwisho wa kitabu huiua.

Kuna mshono mmoja ambao msomaji makini atauona. Shajara inakoma kabla ya kifo, kwa hiyo tukio la kuuawa limejengwa kwa masimulizi ya wachache walioponea. Katika masimulizi hayo askofu anawaambia wauaji wake wampelekee Mwanga ujumbe kwamba anakufa kwa ajili ya Waganda na kwamba ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake. Maneno hayo yamerudiwa kwenye mahubiri kwa zaidi ya karne moja. Yanafaa mimbari. Kwa upande wa ufundi, yako chini ya shajara. Ni hotuba iliyokamilika, imenyooka, na inasema yale ambayo msomaji alikwisha kuyaona bila kuambiwa. Fisi wa usiku ule na Zaburi iliyosomwa na mtu mwenye homa vinamweleza Hannington vizuri kuliko hotuba. Anayetaka kuandika riwaya ya aina hii angefanya vyema kukomea pale shajara ilipokomea.

Udhaifu mkubwa zaidi wa masimulizi ya wakati ule uko kwa adui. Mwanga alitolewa kuwa kijana mkatili asiye na sababu. Ukatili wake ulikuwa wa kweli: Januari 1885 vijana watatu Wakristo walikuwa tayari wameuawa kwa moto karibu na mji mkuu. Lakini alikuwa amekaa kitini kwa mwaka mmoja tu tangu kifo cha baba yake Mutesa mnamo Oktoba 1884, na katika muda huo Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi za bara kwa mikataba, na Agosti 1885 manowari zao zikatia nanga mbele ya Zanzibar. Mzungu anayeingia kwa mlango wa mashariki, katika mwezi kama ule, alionekana Mengo kama kutimia kwa hofu ya siku nyingi. Hofu hiyo haimtakasi Mwanga. Inamfanya aeleweke, na adui anayeeleweka hutisha zaidi. G. K. Chesterton aliijenga kazi nzima juu ya wazo hili. Mpelelezi wake Padre Brown, aliyeanza kutokea mwaka 1910, hufumbua mauaji kwa kujiweka ndani ya muuaji mpaka auone uovu ule kuwa ungeweza kuwa wake, na katika The Secret of Father Brown ya 1927 anaieleza njia hiyo waziwazi. Frank Peretti katika This Present Darkness ya 1986 alikwenda upande mwingine: uovu unatoka kwa mashetani wanaopigana na malaika juu ya mji mdogo wa Marekani. Kitabu chake kilisomwa sana na kinakwenda mbio, lakini binadamu ndani yake wanapungua uzito. Kati ya njia hizo mbili, ile ya Chesterton ndiyo inayokifaa kisa cha Busoga.

Jambo lililopuuzwa zaidi ni wapagazi. Askofu ana jina, ana utoto, ana kidole gumba alichokipoteza kwa baruti akiwa mvulana. Watu waliokufa naye ni idadi tu. Wengi walikuwa watu wa pwani, na nyumbani kwao kulikuwa na wake na watoto waliongoja. Mtu anayewakaribia zaidi ni William Jones, mtu aliyetolewa utumwani, akasomeshwa, na kupewa ushemasi na Hannington mwaka huo huo wa 1885. Jones alibaki Kwa Sundu, akipokea habari vipande vipande kutoka kwa walioponea, asijue aamini lipi. Alingoja majuma kadhaa, kisha akaurudisha msafara pwani. Uliingia Rabai Februari 1886 ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa Shilo siku mjumbe alipoleta habari za kutekwa kwa Sanduku la Agano. Jones alichagua katika Biblia nzima sura inayohusu habari mbaya kufika nyumbani. Kwa mwandishi wa riwaya, huyu ndiye mhusika wa kumfuata: anajua chini ya msomaji, zaidi ya askofu, na ana jukumu la kuwaambia wajane. Kumfanya yeye kuwa jicho la masimulizi kungewapa wapagazi majina na nyuso zao.

Kati ya waandishi wa eneo la ziwa, Marjorie Oludhe Macgoye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ufundi huu. Alikuja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi ya vitabu vya misheni, akaolewa katika jamii ya Waluo, na mwaka 1972 akatoa Murder in Majengo, riwaya ya mauaji.

Wasomaji wa Busia na Tororo wana faida ambayo msomaji wa London wa 1887 hakuwa nayo. Kila mwaka, mwezi Mei, mahujaji kutoka Kenya hupita Busia na Malaba kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya kumbukumbu ya mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Mlolongo wa mauaji yanayokumbukwa huko unagusa kisa hiki moja kwa moja: Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyemkemea Mwanga kwa kumuua Hannington, aliuawa Novemba 1885, siku chache tu baada ya askofu. Watu waliokua wakisikia mwisho huo kila mwaka wamezoea tayari kusoma bila kungoja siri. Wanajua kuuliza lile ambalo riwaya ya Kikristo inauliza, yaani mtu alifanya nini alipojua.

Hata mwisho wa kisa unapingana na desturi ya riwaya ya upelelezi. Hakuna aliyekamatwa, hakuna mahakama, hakuna mpelelezi anayewakusanya watuhumiwa chumbani. Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe, huko Buganda, tarehe 31 Desemba 1892. Baadaye mwanawe, Joseph Hannington, alikwenda Busoga akiwa mmisionari, na huko akambatiza Mubinyo, mwana wa Luba.