"Bandari" au "Mlango"? Uhakiki wa Istilahi za Barua Pepe

Istilahi haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayoifanya. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno matatu yatumiwayo kufasiri maelezo ya seva ya barua pepe inayoendeshwa nyumbani kwa mtu. Tuchukue mfano wa sentensi hii:

"Mtoa huduma wa intaneti amefunga bandari 25, kwa hiyo seva yako haiwezi kutuma barua pepe."

Sarufi yake ni safi. Hata hivyo ina kasoro tatu, na msomaji atakayeitegemea atatengeneza pasipoharibika.

Kwanza ni neno bandari. Neno la Kiingereza lililokusudiwa lina maana zaidi ya moja, na mfasiri ameokota ile iliyo karibu. Bandari ni mahali meli zitiapo nanga, zikapakia na kupakua shehena. Kinachozungumzwa hapa ni nambari tu, kati ya 0 na 65535, inayoijulisha kompyuta ni programu ipi ipokee data iliyofika. Kompyuta moja ina nambari nyingi za namna hiyo, kama nyumba moja iwavyo na milango mingi. Kwa sababu hiyo twapendelea mlango.

Pili ni kitenzi kufunga. Mlango hufungwa na mwenye nyumba. Njia huzuiwa na mtu mwingine. Ikiwa hakuna programu inayosikiliza katika mlango fulani, mlango huo umefungwa, na aghalabu aliyebisha hujibiwa mara moja kuwa amekataliwa. Mtoa huduma hafanyi hivyo. Yeye huzuia safari zinazotoka nyumbani kwenda mlango 25 wa seva za watu wengine, kwa kuwa kompyuta nyingi za nyumbani zilizoingiwa na virusi zimekuwa zikitumiwa kueneza barua taka. Anayeambiwa mlango "umefungwa" atashinda akiichokonoa seva yake, ilhali kizuizi kiko njiani.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni kitenzi kutuma. Neno hili hubeba hatua mbili zilizo mbali. Utaratibu wa SMTP, ulioandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, ulitumia mlango 25. Mwaka 1998 hatua ya mwandishi kuitoa barua mikononi mwake na kuiweka katika seva ilitengewa mlango wake, yaani 587. Mlango 25 ukabaki kuwa njia ya seva kwa seva. Mwaka 2018 mlango 465 nao ulipendekezwa kwa hatua hiyo ya kwanza, data ikiwa katika usimbaji fiche tangu mwanzo. Hatua ya kwanza twapendekeza iitwe kukabidhi, na ya pili kupeleka.

Tofauti hii ndiyo inayobeba dawa. Mwenye seva ya nyumbani aliyezuiliwa kupeleka bado aweza kukabidhi: seva yake hujitambulisha kwa jina na nywila mbele ya seva nyingine, kupitia mlango 587, nayo hiyo huipeleka barua mbele kwa mlango 25. Seva ya namna hiyo yafaa iitwe seva ya kupokezana, neno ambalo wanariadha wanalo tayari katika mbio za kupokezana vijiti.

Basi sentensi yetu na isomeke hivi:

"Mtoa huduma wa intaneti amezuia safari za kwenda mlango 25. Seva yako haiwezi kupeleka barua pepe moja kwa moja kwa seva nyingine, lakini yaweza kuzikabidhi kwa seva ya kupokezana kupitia mlango 587."

Imekuwa ndefu kuliko ile ya awali, lakini msomaji wake anajua nani kazuia nini, na afanyeje. Wafasiri na walimu wanaombwa kuyapima maneno haya katika kazi zao, na kutoa maoni yao kabla "bandari" haijaota mizizi.